Mikebe Ine Mbele ya Uso wa Nabintu

Wenye walikuwa mu sale ya parokia ku Muhumba ile jumamosi, nawataja wote kwanza, ili mutu asiseme nilimusahau. Mimi Nsimire, fundi wa taa ndogo za petroli, ile mafuta ya taa, muke ya marehemu Cirhuza mwenye alikuwa fundi wa kukata bati. Papa Byamungu, fundi wa kuranti, ya umeme, ndugu ya mama yangu, kwa hiyo mujomba wangu. Déo, mudogo wa bwana yangu, kwa hiyo shemeji yangu, mupiga gitare na mukubwa wa orkestre. Kizito wa gitare ya bas na Patrice wa ngoma, mapacha wa Maman Georgette, wenye walikuwaka wanagombana hata juu ya kivuli ya mutu mwingine. Nabintu, mwimbaji, binti ya jirani yetu. Papa Zihalirwa, njo huyo jirani, baba ya Nabintu, katekista. Bwana harusi Innocent na bibi harusi Espérance. Na Maman Chantal, mwenye kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Kadutu. Huyu hakukuwa mu sale kwa mwili, lakini mafuta yake ilikuwa. Mutaona.

Wadogo zangu wa taa, mimi niliacha kazi mwanzo ya mvua hii. Rachel, mwenye ameshika sanduku yangu sasa, aliniomba: "Maman Nsimire, utuandikie. Sisi tunajua kubonyeza, hatujui ilitoka wapi." Sawa. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire, naandika sawa vile nasemaka. Mwenye anapenda virgule aziweke mwenyewe. Mambo ya vyeo sitasema, juu cheo ya juu nilipata mu kazi hii ni ngazi ya kupandia ya Papa Byamungu, na ile ilikuwa na vidaraja tano, kimoja kimevunjika.

Mbele niingie mu muziki nilikuwa paka na mikebe, mikebe tu. Mikebe ya maziwa, ya tomate, ya mafuta. Bwana yangu Cirhuza alikuwa anakata, mimi natia utambi, tunauza taa za petroli ku soko. Alipokufa, makasi yake ya bati ilibaki ku musumari mwezi muzima. Siku moja niliishika, nikakata mukebe, ikakatika vizuri. Nikasema kumbe mukono yangu ilikuwa inamuangalia siku zote. Ile makasi iko mu sanduku ya Rachel. Rachel, usiitumie kukata karatasi.

Sasa Déo akakuja ku meza yangu, gitare ku mugongo.

"Shemeji," akasema, "wewe unauza taa. Utupatie taa."

"Nauza taa ya kutafutia kiatu chini ya kitanda," nikamujibu. "Unataka ngapi?"

"Apana hizi! Taa ya kuonyesha watu wenye wanapiga muziki. Jumamosi tuko na harusi ya Innocent na Espérance. Ile sale iko giza sawa tumbo ya ngombe. Maorkestre makubwa wako na taa zao, zinaviringika, rangi saba. Sisi tuko na nini? Tuko na meno ya Kizito."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na kuko neno ya Nabintu," akasema.

Neno ya Nabintu ilikuwa hii. Huyu binti alikuwa na sauti yenye inasimamisha watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, mu mulima, na munajua chukudu haisimamaka mu mulima. Lakini baba yake, Papa Zihalirwa, alimuruhusu kuimba paka ku korali. Orkestre alikuwa anaiita kazi ya giza. Mama ya Nabintu alikufa binti akiwa angali mu mugongo, baba alimulea peke yake, kwa hiyo hakuna jirani mu kartie mwenye angeweza kumuambia, papa, unakosea. Wiki ile alimuambia binti yake: "Nitakuja mara moja. Nitakaa ku benchi ya mbele. Macho yangu imeanza kuchoka, unajua. Nikiona uso wako wazi, na nisipoona kitu ya haya, tutazungumuza. Nikiona giza, unaacha siku ile ile, hatutarudilia."

Nabintu alikuja kwangu jioni, akakaa ku kiti ya Cirhuza bila kuuliza.

"Maman Nsimire, mimi siogopi kuimba," akasema. "Naogopa asinione."

Aah! Mimi mwenye nilikuwa ninauza taa miaka yote ile, hakuna mutu alishaniomba taa kwa maneno sawa hayo. Ile usiku nilikata mukebe mukubwa, nikaitoboa tundu.

Asubuhi nikapanda kwa mujomba wangu Papa Byamungu. Alikuwa ametumika ku usine, kiwanda ya chai, ameshaingia mu pension, lakini kila siku alikuwa anavaa tu koti ya kazi na testeur mu mufuko. Testeur ni ile tournevis, bisibisi yenye kataa kadogo ndani, inawaka ukigusa waya yenye kuwa na kuranti.

"Asinge, mujomba," nikamusalimia.

"Asinge. Umebeba nini, jiko?"

"Ni taa ya muziki."

Aligeuza mukebe yangu mara tatu, akaingiza kidole mu tundu. "Hii ni jiko," akasema. "Kaa. Tutaigeuza taa."

Njo pale shule yangu ilianzia. Neno ya kwanza alinifundisha: gusa na testeur, kisha na akili, mukono inakuja nyuma kabisa. Ya pili: waya iko sawa nyoka mu majani, hata ukiona imekufa uipitie mbali. Ya tatu: ukiunganisha waya, usifunge fundo sawa unafunga kuku; tumia domino, kale kapande keupe ka visi mbili, kisha vuta na nguvu. Ikitoka mu mukono yako leo, ni heri kuliko itoke kesho ku kichwa ya mutu. Zile neno tatu zilinilinda mpaka leo, niko na vidole kumi, munaweza kuhesabu.

Mukebe tulikata upande moja, tukaacha bati ya ndani iwe kioo. Chini tukatoboa tundu ya kuingiza duyi, kile kishikio ya ampuli. Juu tukatoboa matundu madogo madogo, juu joto inapanda, inapashwa kutoka. Mu mugongo, ndoano ya waya munene. Maman Chantal wa sambaza alinipa mikebe ine mikubwa yenye alinunuliaka mafuta, na ya tano ndogo yenye mafuta alishakaangia, akasema, "Hii ya kuwashia moto ku nyumba." Mushike hii ya tano mu kichwa.

Kwa nini ine? Juu kuranti ya muji ilikuwa inakuja sawa mugeni mwenye hakualikwa, kwa hiyo Déo aliazima gurupu, mashini ndogo ya kutoa kuranti. Papa Byamungu aliisikiliza sawa munganga anasikiliza kifua. "Inabeba gitare mbili, mikro moja, na ampuli ine," akasema. "Ya tano inazima gitare."

"Basi tuzime gitare ya Kizito," Patrice akasema.

Ijumaa tulienda kujaribu mu sale. Mimi nilipanga mikebe yote ine chini, mbele ya miguu ya wapiga muziki, zinaangalia juu. Nilijisikia mwenye akili sana. Papa Byamungu aliwasha. Nabintu akasimama mbele ya mikro.

Kizito aliacha kukaza nyuzi za gitare. Halafu Patrice akauliza pole pole: "Nabintu, ulikufa lini?"

"Angalia pua," Kizito akasema. "Imepanda ku paji. Macho imebaki mashimo."

Nabintu alishika uso wake na mikono mbili. "Baba akiniona hivi hataita mutu wa kuzungumuza. Ataita padri."

Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze pamoja na mikebe. Lakini Papa Byamungu hakunicheka. Aliniuliza: "Nsimire, jua inatokeaka wapi?"

"Juu."

"Umeshaona jua inatokea mu viatu?"

"Apana, mujomba."

"Basi. Weka moja sawa jua ya saa tatu ya asubuhi. Weka ingine sawa jua ya saa kenda. Ya kushoto uilete karibu kidogo kuliko ingine, ili pua ipate pahali pa kukaa. Zile mbili zinabaki, upeleke nyuma, zimulike mabega ya hawa mapacha, ili watu wasifikiri gitare inajipiga yenyewe."

Tulisimamisha miti ya mukaratusi, kila muti mu bidon imejaa mawe. Nilipanda ku ngazi yake, nikafunga ya kushoto. Aliwasha. Wadogo zangu, acha niwaambie! Uso wa Nabintu ulitoka mu giza sawa mukate unatoka mu furu. Shavu iko pahali yake, pua iko pahali yake, na mu macho mulikuwa tuvimuri tuwili tudogo, sawa nyota. Nilipiga kelele peke yangu juu ya ngazi. Kidaraja ya kuvunjika karibu iniangushe. Déo alitaka tufunike na karatasi nyekundu ya bonbon ili ikuwe na rangi.

"Nyekundu ni ya nganda, ya baa ya pombe," Nabintu akasema. "Baba anapita mbele ya nganda akiangalia mawingu."

Tukaacha nyeupe. Na mpaka leo nawaambia: uso kwanza, rangi nyuma. Kijani usiiweke kabisa ku ngozi yetu, inafanya mutu mwenye afya aonekane ametoka hospitali. Ile ya manjano ya asali, ndiyo, inatupenda.

Sasa musikie kosa yangu.

Ijumaa jioni niliona mikebe imeanza kuwa na alama za kutu pale nilikata, juu mvua ilikuwa ya kila siku. Sisi watu wa bati tuko na desturi: bati ikikatwa, unaipaka mafuta, kutu haiishike. Cirhuza alifanya vile, baba yake alifanya vile. Mu taa ya petroli haileti shida, moto inakaa juu, mukebe inabaki baridi. Nikaangalia, mafuta ya kupaka hakuna, iko paka ile mukebe ya tano ya Maman Chantal. Nikachovya kitambaa, nikapaka ndani mikebe yote ine. Mara mbili! Zikangaa! Nikalala sawa mutu mwenye amemaliza kazi ya Mungu.

Jumamosi mvua ilianza wakati watu wanatoka ku misa. Walifunga madirisha ya sale, kuranti ikaenda, ikawa giza kweli, saa kenda ya muchana. Papa Byamungu aliweka gurupu inje chini ya bati. Tukawasha. Sale nzima ilisema "Eeeh!" Mimi nilikuwa nyuma ya muti wa kushoto, Papa Byamungu pembeni yangu.

Papa Zihalirwa akaingia na koti yake ya Paska, akakaa ku benchi ya mbele, kofia ku magoti. Hakunisalimia. Hakusalimia mutu. Alikuwa amekuja kuhukumu, na hakimu hasalimiaki.

Nyimbo mbili za kwanza Déo aliimba mwenyewe, watu wakacheza. Ya tatu ilikuwa ya Nabintu: wimbo wa bibi harusi anaaga mama yake ku mulango. Alisogea mbele, katikati ya jua yangu ya saa tatu na jua yangu ya saa kenda. Akafungua kinywa. Na mikebe, wakati ule, ilikuwa imeshapata moto sawasawa.

Harufu ilianza pole pole. Nilifikiri ni mupishi. Halafu ikashuka ku vichwa ya watu, nzito, tamu, ya chumvi, na watu walikuwa na njaa tangu misa. Mwanaume moja nyuma akasimama: "Sambaza imefika!"

"Wanagawa ku mulango ya nyuma!" mama moja akajibu, na hakuna mutu alikuwa amemuambia.

Munajua harusi zetu. Mwenye anachelewa anakutana na sahani ya mifupa. Benchi zilianza kulia, watu wakasimama, sale nzima ikageuka mugongo kwa Nabintu na kuelekea jikoni. Hata bwana harusi Innocent alinyoosha shingo, Espérance akamuvuta koti akae. Patrice akapunguza ngoma.

"Mimi nasikia sambaza," akasema.

"Piga, we!" Kizito akamujibu. "Utasikia ngumi."

Papa Byamungu aliinua kichwa, akanusa mukebe ya kushoto. Kamoshi keupe kalikuwa kanatoka mu matundu. Akaniangalia.

"Nsimire. Ulipaka nini humu?"

"Mafuta, mujomba."

"Mafuta ya nini?"

"Ya kuzuia kutu."

"Nakuuliza mafuta ya NINI."

"Ya sambaza."

Alifunga macho sawa mutu anasali. Halafu akapeleka mukono ku bouton ya kuzima. Na mimi, mwenye sikuwahi kumukatalia mujomba wangu neno hata moja, nikashika mukono yake.

"Usizime. Ukizima, hatamuona. Binti ataacha leo."

"Na sale ikiungua?"

"Angalia kwanza. Wewe ulinifundisha kuangalia kwanza."

Akaondoa mukono ku bouton. Akapitisha testeur, akagusa domino, akapapasa waya na mugongo wa mukono, kuanzia mukebe mpaka chini. Alifanya ku mikebe yote ine, bila haraka, na mimi nahesabu pumzi zangu. "Waya iko baridi," akasema. "Ni mafuta tu inakaangwa. Acha ziwake. Lakini usitoke hapa, na leta ile ndoo ya muchanga."

Nikaangalia mbele. Sale ilikuwa karibu tupu. Nabintu alikuwa ameona migongo ya watu, sauti yake ilishuka, ilishuka, karibu ikatike. Halafu akaona benchi ya mbele. Papa Zihalirwa hakusimama. Kofia ku magoti, kichwa mbele kidogo, anaangalia. Alikuwa na njaa sawa wote, na pua yake haikuwa na ugonjwa wowote. Lakini hakugeuka.

Basi Nabintu akaacha kuimbia harusi, akamuimbia yeye. Pale pa kuaga mama ku mulango, sauti ilipanda mpaka ku mapaa, mvua inapiga juu, gurupu inakohoa inje, mikebe yangu inakaanga, na ile nuru ya kushoto imekaa ku shavu yake haitikisiki. Mapacha walipiga sawa mutu moja, kitu sikuona tena maisha yangu yote. Nilikuwa nashika ndoo ya muchanga, machozi inaniingia mu kinywa.

Wimbo uliisha. Watu wakaanza kurudi na hasira, juu mupishi aliwatokea na mwiko, akauliza nani aliwaita. Papa Zihalirwa akasimama, akakuja mpaka ku muti wangu.

"Hii taa ya kushoto, nani aliiweka?"

"Ni mimi, papa."

Aligeukia Nabintu, akamuangalia tena. "Ako na uso wa mama yake," akasema. "Sikujua. Ku nyumba tuko na taa moja ndogo, ulituuzia wewe mwenyewe. Kumbe miaka yote hii ako na uso wa mama yake."

Nilitua ndoo chini. Papa Byamungu alijifanya anafunga visi yenye ilikuwa imeshafungwa.

"Zinanuka njaa, taa zako," Papa Zihalirwa akaendelea. "Lakini zinaonyesha. Binti ataimba. Paka neno moja tu, musikie vizuri: pahali ataimba, wewe Nsimire njo utawasha. Sitaki mutu mwingine."

"Hata mbali kule Bunyakiri, papa?" Déo akauliza.

"Hata Bunyakiri."

"Na hata Luhwindja?"

"Umeniuliza sana, kijana. Hata Luhwindja. Lakini azioshe."

Njo vile nilipata kazi. Wengine wanaandika barua, mimi niliwekwa na baba ya mutu, mbele ya ndoo ya muchanga. Nilizichemusha mikebe na majivu siku mbili, na hata hivyo paka za kartie zilikuwa zinalala chini ya dirisha yangu mwezi muzima.

Na kweli tulienda Bunyakiri! Gari ilikwama, tukatembea mu matope, mikebe ku kichwa, mapacha wanagombana nani anabeba nzito. Gurupu hatukufika nayo. Tuliomba watu wa motari pikipiki mbili, tukasimamisha moja kushoto, moja kulia, fare, zile taa zao za mbele, zinaangalia shuka nyeupe tulitundika. Usiangazie fare moja kwa moja ku macho ya mutu, inamufunga macho. Ipige ku shuka, shuka inarudisha nuru laini sawa ya dirisha. Shuka ya kitanda, wadogo zangu! Kitu yenye kila nyumba iko nayo. Hiyo Papa Byamungu hakunifundisha, nilimufundisha mimi, na alinipa mukono sawa mwanaume na mwanaume.

Luhwindja ilikuwa kwa wachimbaji wa zahabu, chini ya hangare, jua inazama. Ampuli zilikufa zote pamoja, katikati ya wimbo. Mimi nachanganyikiwa, naomba Mungu. Muchimbaji moja mu mustari ya kwanza akageuza taa yake ya kichwa, akamulika Nabintu. Mwenzake akafanya vile. Halafu wote! Hangare nzima ya watu wa mashimo wamesimama hawatikisi shingo, ili uso wake usipoteze nuru. Mutu akishangaa upande moja, jirani anamugonga: "Kichwa mbele!" Toka siku ile, nikifika pahali, kwanza naangalia watu wako na nini. Taa yako haiko mu sanduku tu.

Mambo mengine ya kazi nayatia hapa haraka. Waya ya taa na waya ya muziki zisilale pamoja, gitare itaanza kunguruma sawa nzi mu chupa. Scotch, ule utepe wa kubandika, usiifunge ku chuma yenye inapata moto, itayeyuka; tumia waya. Wapiga ngoma musiwasahau, wanakaaka mu giza na wanajua kulipiza.

Halafu LED zikakuja. Jamani! Papa Byamungu alikufa bila kuziona, na hiyo inaniuma, juu angekesha anazifungua na kuzifunga. Bateri moja ya gari inawasha sita. Panneau ndogo ya jua inajaza bateri. Ziko baridi, haziombi gurupu, katoto kanaweza kubeba. Orkestre ya vijana wanne wenye hawana kitu wanaweza kuonekana sawa wakubwa. Mimi siko katika wale wazee wanasema ya zamani ilikuwa nzuri. Ya zamani ilikuwa inanuka sambaza.

Lakini kuko kitu moja. Papa Zihalirwa aliendelea kuja miaka yote, benchi ya mbele, kofia ku magoti. Macho yake iliendelea kuchoka, mpaka ikazimika. Alikuja tu. Siku moja akaniambia: "Leo ya kushoto umeileta karibu."

"Papa, unaonaje?"

"Shavu yangu inaona."

Alikuwa anasikia joto ya mikebe. Alikuwa anajua, kwa ngozi, binti yake ako mu nuru. Na siku ya kwanza tulipiga na LED peke yake, sale inangaa sawa muchana, nyinyi wote munapiga makofi, yeye aliniita na kidole.

"Nsimire," akasema, "kwa nini leo anaimba mu giza?"

Nilirudi ku nyumba, nikatoa mukebe moja ya zamani, nikatia ampuli ya zamani, ya joto. Kila mara akikuja, niliitundika kushoto, inaangalia benchi yake, siyo Nabintu. Rachel alinicheka wakati ule, akauliza: "Maman, hii inamulika nani?" Nikamujibu inamulika mutu mwenye taa zenu hazimufikii. Nilifanya vile mpaka Papa Zihalirwa alipotuacha. Kisha niliisukuma chini ya kitanda.

Sasa macho yangu nayo imefika pale yake ilianziaka. Ku kazi yangu ya mwisho, mu sale ile ile, Rachel hakuniacha nipande ku ngazi. Alinikalisha ku benchi ya mbele. Nabintu akatoka, nywele zake nyeupe sasa, wananiambia. Mimi niliona paka kivuli na nguo ya bluu. Wimbo ulikuwa ule wa kuaga ku mulango. Na mu shavu yangu ya kushoto nikasikia joto.

"Rachel! Uliitoa wapi?"

"Chini ya kitanda yako, maman. Nyamaza, anaimba."

"Ulipaka kitu ndani?"

"Apana, maman. Niliiosha."

"Basi ilete karibu kidogo, na uigeuze kwa Nabintu. Pua haina pahali pa kukaa."

Akaileta. Na nikamuona. Wazi, wadogo zangu, shavu, pua, tuvimuri tuwili mu macho! Niligonga mikono peke yangu, watu wakanigeukia.

Nimemaliza. Sasa niko naomba. Déo anasema mikebe ilikuwa mitatu, siyo mine. Kizito anasema aliyesikia sambaza kwanza ni yeye, Patrice anasema ni bongo, ni uongo, lakini hao muwaache. Pengine mvua ilianza mbele ya misa, pengine koti ya Papa Zihalirwa haikuwa ya Paska. Mwenye alikuwa pale na anajua, akuje ku nyumba anirekebishe, nitaandika tena. Na kama nimesahau jina ya mutu, huyo njo aje wa kwanza, nitamuomba rusa, anisamehe. Kosa moja tu musinitafutie. Taa ya kushoto ilikuwa pale nimesema. Hiyo niliifunga na mukono yangu.